Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayetaka kuacha kazi ashone vifaa vya mlimani

Mdogo wangu mpendwa,

Nimeusoma mpango wako wote, pamoja na zile kurasa za hesabu, na nimeona nikujibu hadharani kwa kuwa vijana kadhaa wa hapa Moshi na Arusha wamekuwa wakiniuliza maswali yale yale uliyoniuliza wewe. Unataka kuacha ajira yako Dar es Salaam, ukodi chumba cha kazi, ununue vyerehani vya viwandani na kuanza kutengeneza mahema, mabegi na makoti ya kupandia mlima yenye jina lako. Shauku hiyo naifahamu, maana ndiyo iliyoniingiza mimi katika kazi hii, na sina nia ya kukuvunja moyo. Ninachotaka ukione mapema ni jinsi fedha zinavyotembea katika biashara hii, kwa sababu raha na karaha zake nyingi zinaanzia hapo.

Wageni wa Kilimanjaro huja kwa wingi kati ya Januari na mwanzoni mwa Machi, kisha kati ya Juni na Oktoba. Katikati kuna masika, na mwezi wa Novemba kuna vuli. Kampuni za utalii huagiza vifaa msimu unapokaribia, karibu zote kwa wakati mmoja, na nyingi huvichukua kwa mali kauli, zikiahidi kulipa wageni wao watakapomaliza kulipa. Kitambaa kizuri, kwa upande mwingine, hutoka nje, huagizwa miezi kadhaa kabla, na anayekiuza hutaka fedha zake mzigo haujapakiwa melini. Kwa hiyo mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha na duka likiwa halina mtu, ndipo unapotakiwa kulipia kitambaa, pango na mishahara ya mafundi. Na mwezi wa Agosti unaweza ukawa na oda nyingi kuliko uwezo wa mafundi wako, na bado ukahangaika kutafuta fedha za uzi. Wenzangu niliowaona wakifunga milango walikuwa na wateja, tena wateja wazuri. Walichokosa ni fedha za kuvukia masika.

Jambo hili haliwapati wadogo peke yao. Yvon Chouinard, Mmarekani aliyeanza mwaka 1957 kwa kufua mwenyewe misumari ya chuma ya wapanda miamba na kuiuza kutoka kwenye buti ya gari lake, aliianzisha kampuni ya Patagonia mwaka 1973, nayo ikakua kwa kasi hadi mwaka 1991, uchumi wa Marekani uliposinyaa. Ilikuwa imenunua bidhaa kwa kutarajia kwamba mauzo yangeendelea kupanda vile vile. Mauzo hayakufikia matarajio, bidhaa zikajaa ghalani, benki ikapunguza mkopo wake, na wafanyakazi 120 wakaachishwa kazi. Ukisoma tena ukurasa wako wa mwaka wa tatu, ule unaokadiria kwamba mauzo yataongezeka mara mbili, tafadhali usome ukiwa na habari hii kichwani, kisha jiulize fedha ya kitambaa cha kuongeza mauzo hayo mara mbili itatoka wapi, na mwezi gani.

Katika hesabu zako kuna pengo jingine, la kodi. Umeandika bei ya kitambaa kama ilivyo kiwandani, ukaongeza nauli ya meli, ukaishia hapo. Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vya asilimia 0, 10 na 25, na tangu mwaka 2022 kimeongezwa cha asilimia 35, na msimbo unaoandikwa kwenye nyaraka ndio unaoamua mzigo wako uangukie wapi. Naironi iliyofumwa tu imo katika sura moja ya orodha ya forodha, na naironi iliyopakwa tabaka la kuzuia maji imo katika sura nyingine kabisa. Mweleze wakala wako wa forodha kwa maandishi ni kitambaa cha aina gani, na umpe kipande cha sampuli, kabla mzigo haujafika bandarini. Juu ya ushuru kuna VAT ya asilimia 18, ambayo mfanyabiashara asiyesajiliwa kwa VAT hana njia ya kuidai irudi. Duka letu ni dogo mno kufikia kiwango cha lazima cha usajili, kwa hiyo kodi hiyo inabaki ndani ya gharama ya kila begi, na mteja anayelinganisha bei yako na ya mtumba haioni.

Na mtumba ndio mshindani wako hasa. Nenda soko la Memorial siku yoyote uone makoti na viatu vya mlimani vilivyopangwa pale, vingine vya majina makubwa ya Ulaya na Marekani. Ongeza na vifaa ambavyo wageni huwaachia waongozaji na wapagazi kama zawadi wanaposhuka, ambavyo vingi huishia katika maduka ya kukodisha. Koti jipya la kushonwa hapa, hata likiwa bora, halitashindana na hayo kwa bei. Kwa hiyo ile sehemu ya mpango wako inayohusu makoti ya watalii ningeiondoa yote.

Sehemu ya matengenezo, ambayo umeipa mistari miwili tu, ningeifanya ndiyo mlango wa kuingilia. Mlima huu unaharibu vitu kwa namna yake, na fundi anayekaa mezani akipokea vilivyoharibika anajifunza mambo ambayo hakuna katalogi itakayomfundisha. Chukua zipu. Vumbi la majivu ya volkano kuanzia kambi za juu ni kali kama msasa. Likiingia kwenye zipu ya hema husaga kichwa chake, kile unachokivuta kuifunga, kwa ndani, kikalegea, meno yakawa yanapita bila kushikana. Mwenye hema anaamini zipu nzima imekufa, na mafundi wengi huifumua yote waweke mpya. Ukiyatazama meno kwa karibu, ukayasugua kwa mswaki mkavu na kukuta yako sawa, kinachotakiwa ni kichwa kipya cha namba ile ile. Unafumua mshono sehemu ndogo mwishoni mwa zipu, unaingiza kichwa, unafunga, na hema linarudi mlimani jioni hiyo hiyo. Kukibana kichwa cha zamani kwa koleo kunasaidia kwa safari moja, pengine mbili. Na baada ya kubadilisha vichwa vingi vya namba 5 kwenye milango ya mahema, hutahitaji mtu wa kukushawishi uweke zipu nene zaidi, ya namba 8 au 10, kwenye mahema yako mwenyewe.

Matengenezo ndiyo yaliyonifundisha pia kwamba hapa jua linaua mahema mengi kuliko mvua. Hema la kampuni hukaa wazi juani msimu mzima, kambi baada ya kambi, na mionzi ya huko juu hudhoofisha naironi hadi ukiivuta kwa vidole inachanika kama karatasi. Poliesta hustahimili zaidi, tena haivutiki inapolowa, hivyo hema halilegei usiku wa mvua. Likifungwa bichi na kuwekwa stoo, tabaka la ndani la kuzuia maji huanza kunata na kubanduka, likatoa harufu ya uchachu ambayo haiondoki kwa sabuni yoyote. Hema la namna hiyo silipokei kulitengeneza, hata mwenyewe akisisitiza, kwa sababu ninajua mgeni atakayelala ndani yake kambi ya Barafu, kwenye mita zaidi ya 4,600, ataloa.

Zaidi ya hayo, matengenezo hulipwa papo hapo, na kukodisha vile vile. Mgeni ametua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mzigo wake umebaki njiani kwenye ndege nyingine, na kesho asubuhi anaanza kupanda: mtu huyo anahitaji mfuko wa kulalia, koti, glavu, fimbo na tochi ya kichwani usiku huo, na analipa kabla ya kuondoka. Fedha hizo ndizo zilizolipia vyerehani vyetu.

Karaha umeniomba nizitaje bila kuficha. Mwaka 2020 ndege za watalii ziliposimama, oda zote za msimu wa Juni zilifutwa, na kitambaa kilikuwa kimeshalipiwa. Tulishona barakoa, tukashona mikoba ya shule, na mafundi wangu walikubali kugawana kazi iliyopo ili asiachwe mtu. Nitawaheshimu kwa hilo maisha yangu yote. Msimu mwingine muuzaji wa ng'ambo alituletea roli za kitambaa ambazo tabaka lake lilikuwa jepesi kuliko sampuli tuliyoidhinisha. Tuliligundua kwa kumwagia maji kipande tulichokitandika juu ya ndoo na kukiacha usiku kucha. Majibu yake yalikuwa marefu na ya adabu, lakini fedha hazikurudi. Tangu hapo kila roli inapimwa kwa ndoo kabla mkasi haujaigusa.

Sasa raha. Kazi niipendayo kuliko zote ni begi la mpagazi. Kanuni za hifadhi zinataka mzigo wake usizidi kilo 20, na hupimwa kwa mizani getini. Lakini kilo 20 katika gunia la plastiki lililofungwa kamba si sawa na kilo 20 katika begi lenye mikanda mipana na mto wa shingoni. Wapagazi wengi hubeba mzigo wa mgeni kichwani au kwenye kisogo, na begi lao wenyewe mgongoni, kwa hiyo begi hilo lisiinuke juu ya mabega, la sivyo litasukuma mzigo wa kichwani. Mabegi yaliyobuniwa Ulaya hayakufikiria mtu wa namna hiyo. Tulikaa na wapagazi wa Machame, wakavaa, wakakataa, wakaonyesha kwa mikono mkanda unapokata, na fundi wetu mmoja, mama wa Kiboriloni ambaye hajawahi kupanda mlima, ndiye aliyepata wazo la kushusha mfuko wa juu hadi chini ya kwapa. Ninapolikuta begi hilo njiani Marangu kwenye mgongo wa kijana asiyenifahamu, ninafurahi kuliko siku ya kupokea malipo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Sehemu ya mpango wako inayohusu wapagazi iache ilivyo, maana ndiyo bora zaidi, na kampuni nyingi zaidi sasa zinakubali kuwanunulia wapagazi wao vifaa vya maana. Mahema mapya yasubiri. Anza na meza ya matengenezo na cherehani moja nzito, ile inayoweza kupita mikanda minne bila kuruka mshono, ukiwa bado na mshahara. Binamu yetu ana chumba Majengo ambacho hakitumiki. Fedha ya miezi mitatu ya pango, mishahara na kitambaa iwe kando, mahali ambapo huwezi kuigusa kwa oda ya Agosti. Wateja wa mali kauli watake nusu ya malipo mapema, na anayekataa mwache aende, hata kama kampuni yake ni kubwa.

Umesema utachukua likizo Agosti uje uone tunavyofanya kazi. Naomba uisogeze hadi Aprili. Agosti utakuta kelele za vyerehani na wageni mlangoni, na utarudi Dar na uamuzi ulioufanya kabla hujaja. Aprili nitakuwa na muda, nitakufungulia daftari la mapato na matumizi la misimu yote, pamoja na kurasa za mwaka 2020, tutalipitia mstari kwa mstari, na mpango wako ukiwa pembeni.

Dada yako,
Moshi