Maganda ya mayai hayatibu kuoza kwa kitako cha nyanya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie kuhusu ushauri unaosambazwa sana kwenye simu, kwamba mabaki ya jikoni yakimwagwa penye shina yanatosha kuwa mbolea. Sipingi mabaki hayo kutumika, kwani nayatumia mwenyewe kwenye bustani yangu ya viroba hapa Dar es Salaam. Ninachopinga ni njia ya mkato.

Chukulia maganda ya mayai. Mtu akiona nyanya zake zimepata doa jeusi lililobonyea upande wa chini, yaani kuoza kitako, huambiwa avunjevunje maganda na kuyafukia shimoni kwa kuwa yana kalsiamu. Ni kweli tunda hilo limekosa kalsiamu, na ni kweli ganda la yai karibu lote ni chokaa. Hata hivyo, vipande vikubwa vya ganda huchukua muda mrefu mno kuyeyuka, na mara nyingi udongo wenyewe haukupungukiwa na kitu. Kalsiamu hupanda kutoka mizizini pamoja na maji, kwa hiyo mche unaoachwa ukauke siku kadhaa kisha ukafurikishwa kwa mkupuo hautaifikisha kwenye tunda, hata ukizungushiwa trei nzima ya maganda. Kinachosaidia kwanza ni kumwagilia kwa kipimo kisichoyumba na kutandaza nyasi kavu juu ya udongo; maganda yakisagwa yakawa unga yanaweza kufaa msimu ujao, hasa penye udongo wenye tindikali.

Maji yaliyolowekewa maganda ya ndizi yana potasiamu, lakini nitrojeni, ambayo ndiyo mchicha unaihitaji zaidi, ni kidogo mno. Majivu ya kuni yanafaa yakinyunyizwa kwa uchache, ila yasichanganywe na yurea wala samadi mbichi, kwa sababu nitrojeni hupotea hewani ikiwa amonia, na harufu yake kali utaisikia hapo hapo. Maji yaliyochemshiwa viazi kwa chumvi yasifike bustanini kabisa. Chai ya sukari iliyobaki itakuletea sisimizi.

Mabaki haya yote, ukiondoa yenye chumvi, mafuta, nyama na samaki, mahali pake ni kwenye mboji: tabaka la maganda mabichi, juu yake tabaka nene zaidi la majani makavu, unyevu wa kiasi kwamba ukikamua konzi moja linatoka tone moja au mawili, na kugeuza kila baada ya wiki moja au mbili. Kwa joto letu, miezi miwili au mitatu inaweza kutosha. Ninaomba ukurasa wako wa kilimo uwaeleze wasomaji hatua hizi kwa picha kabla ya masika, wakati ambapo wengi wetu huandaa viroba vipya.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam