Baraza niliyoitia mshazari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni fundi muashi wa hapa Mji Mkongwe, na kazi yangu hasa ni chokaa. Skuli sikufika mbali, lakini kuta za mji huu nazijua kwa kiganja. Nataka kusema juu ya baraza, ile ya kukalia mbele ya nyumba, na nitaanza na kosa langu mwenyewe kabla sijasutwa nalo na mtu mwengine.

Miezi minane iliyopita niliitwa kazini katika uchochoro mmoja nyuma ya Mkunazini. Zaidi ya hapo sitaeleza. Nyumba ni ya zamani, sasa imegeuzwa ya kulaza wageni. Mwenye kazi akanitoa nje, akanionesha baraza ya mbele, akasema, "Fundi, hii nataka uitie mshazari." Nikadhani anataka maji ya mvua yateremke, nikamwambia nusu kidole inatosha. Akasema sivyo, anataka mtu akikaa ateleze. Wageni wake wakitoka asubuhi wanakuta wazee wamejipanga mlangoni, hawapendi.

Nilikuwa na deni dukani, Mhariri. Nikafanya. Kibali sikuuliza, na hilo nalo ni langu. Nilijaza saruji upande wa ukutani nikaishusha mpaka ukingoni mwa njia, nikaipiga pasi ikawa laini kama sahani. Ukiitazama kama kazi tu, ilikuwa kazi nzuri.

Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, nikarudi kufuata mwiko niliousahau. Nikawakuta wazee watatu wamesimama, finjani mkononi, mazungumzo yanaendelea kama kawaida. Mmoja ameegemea bakora, kila mara anabadili mguu. Muuza kahawa ameweka dele chini katikati ya njia, kila anayepita na baiskeli anamwomba alisogeze. Hapana aliyenigombeza. Mmoja alisema tu, "Fundi, umetusimamisha kama watoto waliochelewa skuli." Wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini nilirudi nyumbani chakula hakipiti. Wiki iliyofuata hawakuwapo. Muuza kahawa naye siku hizi anapita njia nyengine.

Kwa wasioijua baraza ila kwenye picha za watalii, niruhusu niieleze kama fundi. Kimo chake ni goti la mtu mzima, shibiri mbili hivi. Upana ni wa kumtosha mtu kukunja miguu, avue viatu, abaki na nafasi ya bao au sinia ya kahawa mbele yake. Inajengwa kwa mawe ya matumbawe yaleyale ya nyumba, ikashikana na ukuta. Kazi yake si kukaliwa tu. Inaulinda mguu wa ukuta, maana maji yanayopita uchochoroni hukutana na baraza kwanza. Masika yakishuka kwa nguvu na njia ikageuka mto, watu hupanda juu yake wakafuata ukuta, baraza hadi baraza, mpaka msikitini bila kulowa miguu. Nimeyafanya hayo utotoni na nimeyafanya mwaka huu.

Halafu kuna kivuli. Waliojenga mji huu waliziacha njia nyembamba na kuta ndefu, kwa hivyo saa nane mchana, barabara ya Darajani ikiwa inachoma, ndani ya vichochoro unapata mahali pa kukaa na upepo kidogo. Baraza bila kivuli ni tanuu. Mtu hakai juu ya jiwe lililokaangwa.

(Na mtakaokimbilia saruji, nisikieni. Ukuta wa matumbawe unapumua. Ukiufunga kwa saruji unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inasukuma, plasta inaanza kubanduka kuanzia chini. Hata ule mshazari wangu umeshaanza kupasuka kwenye maungio. Nilijua utapasuka.)

Sasa nieleze kilichotokea uchochoroni pale baada ya wazee kuondoka, maana hapo ndipo penye neno. Zamani mama mmoja jirani alikuwa akimtuma mwanawe mkate wa ufuta baada ya magharibi, mtoto wa miaka saba, peke yake. Hakuwa na wasiwasi kwa sababu mtoto alipita mbele ya macho sita yanayomjua yeye, baba yake na babu yake, na lau angekawia wangemuuliza. Sasa mama anajitanda kanga anakwenda mwenyewe. Pembeni pale pameanza kuwekwa mifuko ya taka usiku, hatumjui anayeiweka. Vespa mbili zimepata pa kulala. Na mwenye nyumba, aliyetaka mlango uwe mtupu wageni wapate raha, ameweka taa kubwa na mlinzi wa kumlipa mshahara. Wale wazee walikuwa wakilinda kwa kahawa waliyojilipia wenyewe.

Nilipomsomea mke wangu barua hii mpaka hapa, alikuwa anachambua mchele, akanyanyua uso. "Unaililia baraza," akasema, "mimi miaka yote hii nimepita mbele yake, sijapata kuikalia." Ni kweli, na sina jibu la kumshinda. Baraza ya nje ilikuwa ya wanaume. Wanawake walipewa ua na ukumbi, na mahali pengine wikio, ile njia ya juu inayounganisha nyumba na nyumba ili mtu apite asionwe. Aliyepita na kikapu cha sokoni, jua limempiga, miguu imevimba, hakukaribishwa kukaa. Nikamuuliza yeye hukaa wapi basi akiwa mjini. Akasema Forodhani, na hata kule ni jioni tu.

Bustani hiyo ya Forodhani, mbele ya bahari, ilitengenezwa upya na Taasisi ya Aga Khan, ikafunguliwa 2009. Mengi yamesemwa juu ya biashara za pale na bei za pweza, mimi siyaingii. Nataka mtazame ule ukuta wa baharini. Uliwekwa kuzuia maji. Lakini saa kumi na moja jioni wamekaa juu yake kinamama na watoto wao, wanafunzi na madaftari, na vijana wa makachu wanakuja mbio kutoka bustanini wakirukia baharini kichwa chini, watu wanapiga makofi. Hapana aliyeweka kibao cha kuwaambia wakae. Ukuta una kimo kizuri, una upepo, na una kitu cha kutazama, basi.

Michenzani vilevile. Yale majumba marefu yaliyojengwa miaka ya 1970 hayakupewa baraza kama za nyumba za Ng'ambo, upande wa pili wa mji wetu, zilizobomolewa kuyapisha. Watu wakajitengenezea: ubao juu ya matofali, gari bovu, ngazi za chini. Asubuhi wako upande huu wa jengo, mchana kivuli kinahama nao wanahama. Anayetaka kujua wapi pa kuweka viti, akae pale siku moja tu kuanzia asubuhi, atachorewa ramani bila malipo.

Mwaka jana nilikwenda Dar kwa boti kumtazama mwanangu. Tulikuwa tunatembea mjini, goti likanishika, nikaona ukingo mzuri wa ukuta mbele ya jengo moja refu la vioo, kimo kile kile cha shibiri mbili. Nilipotaka kukaa mwanangu akanivuta mkono. Ukingo mzima umepandwa vyuma vya ncha, kama vya kuzuia kunguru. "Mzee, huku ukitaka kukaa unanunua soda," akaniambia. Tukanunua soda mbili. Sikuwa na kiu. Nilichokuwa nakifikiria ni kuwa yule fundi aliyechomelea vile vyuma naye pengine alikuwa na deni dukani.

Kwa hivyo ninapoona viwanja vipya vinawekwa vigae vinavyong'aa, taa za rangi na viti vya chuma katikati ya jua, naomba wahusika wajaribu jambo moja kabla ya kukata utepe. Mchoraji aje saa nane mchana, msimu wa Kaskazi wakati wa joto, na mama yake mzazi. Wakae hapo muda wa finjani tatu za kahawa. Mama akilalamika, mchoro urudi mezani. Na viti viwekwe vya kutazamana. Naviona vinapangwa mstari mmoja kama kwenye kituo cha daladala, watu wanazungumza wakipindisha shingo.

Na wewe mwenye nyumba ile, najua gazeti hili unalisoma, nimeliona mezani kwako. Chokaa ninayo shimoni tangu masika, imeshaiva, ukiikata kwa mwiko ni kama samli iliyoganda. Kibali safari hii nitakifuata mwenyewe. Saruji nitaibomoa bila ya kukutoza hata shilingi. Nahitaji ukubali tu, na siku tatu zisizo na mvua. Muuza kahawa nimeshazungumza naye.

Wasalaam,
Fundi wa chokaa,
Mji Mkongwe, Unguja