Safari Ikiyumba, Usiwe Wewe wa Kuifuta

Simu ya namna hii hutujia sisi mawakala wa safari karibu kila msimu wa likizo. Mteja amesikia kwamba marubani wanapanga kugoma, au kimbunga kinaelekea kisiwa anachokwenda, na safari yake ni keshokutwa. Moyo unamwenda mbio. Anaingia kwenye tovuti ya shirika la ndege, anaona kitufe cha kufuta safari, anakibonyeza. Ndipo anatupigia kuuliza pesa zitarudi lini. Kesho yake asubuhi shirika lenyewe linatangaza kuwa ndege za siku hiyo haziruki. Abiria waliotulia wanarudishiwa nauli yote. Yeye anapata sehemu ya kodi, basi, kwa sababu tiketi ya bei nafuu aliyokata haina marejesho pale abiria anapoghairi mwenyewe.

Jambo hili linatuuma kila tunapolikuta, maana likishatokea hakuna barua tunayoweza kuandika ikalibadilisha. Ndiyo sababu tumeona tuliandike mapema: safari ikianza kuyumba, usiwe wewe wa kuifuta.

Tiketi ni mkataba. Kampuni ikishindwa kukusafirisha siku na saa mlizokubaliana, deni liko kwake. Ukijitoa wewe, deni hilo halipo tena, na unabaki na yale masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo siku unanunua. Marekani, kwa kanuni za Wizara ya Uchukuzi za mwaka 2024, safari ya ndani ikisogezwa kwa saa 3 au zaidi, au ya kimataifa kwa saa 6 au zaidi, abiria ambaye hataki kuendelea nayo anarudishiwa pesa zake, hata kama tiketi iliuzwa kuwa hairejeshwi. Aliyelipa kwa kadi ya mkopo hurudishiwa ndani ya siku 7 za kazi. Ulaya, Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inampa abiria ambaye ndege yake imefutwa nafasi ya kuchagua: arudishiwe nauli ndani ya siku 7, au atafutiwe njia nyingine ya kufika. Haki zote hizi zinasubiri kampuni ndiyo ivunje makubaliano.

Kusubiri, hata hivyo, si kukaa kimya mpaka ndege iondoke. Abiria asiyetokea uwanjani huhesabiwa kuwa ameiacha safari, na mashirika mengi humfutia pia tiketi ya kurudi. Kwa hiyo saa zikianza kukuishia na ndege bado imeandikwa kuwa itaruka, usifute. Omba kubadilishiwa tarehe. Kimbunga kinapokaribia, mashirika mengi hutoa ruhusa ya kubadili tarehe bila tozo. Ruhusa hiyo hutangazwa kwenye tovuti zao, lakini mhudumu wa simu anaweza asikutajie usipouliza. Uliza.

Aliyenunua likizo ya kifurushi, yaani ndege na hoteli kwa mwandaaji mmoja na kwa bei moja, ana nafuu kidogo. Kwa agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2015 kuhusu vifurushi, hali ya dharura isiyoepukika ikitokea huko unakokwenda na kuivuruga safari kwa kiasi kikubwa, unaweza kujitoa bila kulipa adhabu, na pesa zirudi ndani ya siku 14. Hata hapo sisi humshauri mteja amwandikie mwandaaji kwanza, amuulize ana mpango gani. Jibu lake ni ushahidi.

Unamdai nani?

Hapa ndipo watu wengi huchoshwa mpaka wakakata tamaa. Shirika la ndege linasema nenda kwa wakala, wakala anasema nenda kwa shirika, na kila mmoja ana muziki wake wa kukusubirisha kwenye simu. Fungua taarifa ya kadi yako au ya benki, utazame ni jina la nani lililokata pesa. Huyo ndiye wa kuanza naye. Kanuni za Marekani tulizozitaja zinasema wazi kwamba wakala ambaye jina lake ndilo lililoonekana kwenye malipo ndiye anayewajibika kurudisha. Sisi wenyewe ni wakala, na hatulikwepi hilo: tulikopokea pesa sisi, tunafuatilia sisi, na mteja hatumpeleki kwenye kaunta nyingine.

Kwenye kifurushi, mwandaaji anabeba mzigo wote. Hoteli ikifungwa, ndege ikichelewa, basi la kukupokea lisipotokea, unaandika barua moja. Ukiwa ulinunua kila kitu mbali mbali, kila mmoja ana mkataba wake. Ndege inafutwa, unarudishiwa nauli, lakini hoteli inakuambia chumba kilikuwa tayari na kitanda kimetandikwa, wewe ndiye hukuja. Na hoteli haina kosa. Wateja hutukasirikia tukiwaambia hivi, na hasira yao tunaielewa, lakini ni afadhali kulijua kabla ya kulipa. Bima ya safari ina maana zaidi kwa mtu wa namna hii, na inunuliwe siku ile ile unapokata tiketi. Kimbunga kikishapewa jina au mgomo ukishatangazwa, bima utakayonunua baada ya hapo kwa kawaida haitalipia tukio hilo.

Marejesho ni kimoja, fidia ni kingine

Nauli kurudi ni pesa yako mwenyewe. Fidia ni malipo ya usumbufu juu yake. Na kuna jambo la tatu ambalo watu hulisahau kabisa: kutunzwa wakati unangoja, yaani chakula, hoteli ikiwa utalala, na usafiri wa kukufikisha huko.

Kanuni 261 inahusu safari yoyote inayoanzia Umoja wa Ulaya, na pia zile zinazoingia huko kwa shirika la ndege la Umoja huo. Fidia yake ni euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali, na Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua mwaka 2009 kwamba anayefika amechelewa saa 3 au zaidi anastahili sawa na aliyefutiwa. Kampuni inaepuka fidia ikithibitisha kuwa kilichotokea ni hali ya kipekee iliyo nje ya uwezo wake. Maneno hayo, "hali ya kipekee", mtayasoma katika karibu kila barua ya kukataa. Msiyapokee hivi hivi. Mwaka 2008 mahakama hiyo iliamua kwamba hitilafu ya kiufundi kwa kawaida si hali ya kipekee, kwa kuwa kutunza ndege ni kazi ya kila siku ya shirika. Mwaka 2021 ikasema hivyo hivyo kuhusu mgomo ulioitishwa na chama cha wafanyakazi wa shirika lenyewe. Ukungu mzito au mgomo wa waongozaji ndege ni habari nyingine.

Lakini hata pale fidia isipokuwepo, kutunzwa kunabaki. Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland ilimwaga majivu angani, na anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ikafungwa kwa siku kadhaa. Abiria mmoja alikwama Faro, Ureno, kwa wiki nzima asiweze kurudi Dublin, akijilipia chakula na malazi. Alidai zaidi ya euro 1,100. Januari 2013 mahakama ile ile iliamua kwamba majivu ya volkano hayaliondolei shirika wajibu wa kumtunza abiria, na kwamba abiria aliyejilipia anaweza kudai gharama zilizokuwa za lazima na za kiasi. Alikuwa na cha kudai kwa sababu gharama zake zilijulikana. Risiti ya supu na mkate iweke mfukoni. Ile ya chupa ya divai ghali usitegemee italipwa.

Kuhusu vocha, yaani hati ya kusafiri baadaye unayopewa badala ya pesa zako, tuna msimamo, na tunausema bila kuzunguka: usiikubali siku ya kwanza. Mwaka 2020, korona ilipofunga mipaka, kampuni nyingi ziliwapa wateja vocha badala ya pesa, mpaka Tume ya Ulaya ikalazimika kukumbusha mwezi Mei mwaka huo kwamba vocha ni hiari ya msafiri. Vocha ni ahadi ya kampuni, na kampuni hufa. Thomas Cook, iliyoanza mwaka 1841, ilianguka Septemba 23, 2019, ikawaacha Waingereza wapatao 150,000 wakiwa likizoni ng'ambo, na serikali yao ikakodi ndege kuwarudisha. Kama vocha ina thamani kubwa kuliko nauli, na una hakika utasafiri na kampuni hiyo karibuni, chukua. Vinginevyo andika ujumbe mfupi, tena kwa barua pepe, si kwa simu:

"Safari yangu namba fulani ya tarehe fulani imefutwa na kampuni yenu. Sikubali vocha. Naomba nirudishiwe kiasi chote nilicholipa, kwa njia ile ile niliyolipia. Nimeambatisha tiketi na tangazo lenu la kufuta safari. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14."

Hakuna matusi, hakuna hadithi ndefu ya jinsi watoto walivyolia. Tunajua walilia. Anayesoma madai ana mia moja mengine mbele yake, na anatafuta namba ya tiketi, tarehe na kiasi. Wakinyamaza, aliyelipa kwa kadi aende benki iliyotoa kadi, aombe muamala ubatilishwe kwa kuwa huduma haikutolewa. Asichelewe, maana muda wa kufanya hivyo huhesabika kwa siku, mara nyingi 120.

Mizigo tuseme kwa kifupi. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaofuatwa na nchi nyingi duniani, unataka begi lililoharibika lilalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea, na lililochelewa ndani ya siku 21. Usitoke uwanjani kabla ya kujaza fomu kwenye dawati la mizigo.

Zipo kampuni za kudai fidia ambazo huchukua sehemu nono ya kile unacholipwa. Dai la kawaida unaweza kuliandika mwenyewe bure kwa fomu iliyo kwenye tovuti ya shirika. Tunachofanya sisi ni kusoma masharti ya tiketi yako, kukuambia kwa ukweli kama una dai au huna, na kulifuatilia pale ulipogonga mwamba. Hatuahidi ushindi.

Ukija, njoo na tiketi, ujumbe wote uliotumiwa na kampuni, picha ya ubao wa safari ukionyesha ndege yako imefutwa au imechelewa, pasi ya kupandia ndege kama ulipewa, na risiti. Na kama bado uko mbele ya kile kitufe, kidole hakijashuka, tupigie kwanza.