Barua kwa Mwanangu Anayeandika Riwaya ya Vita

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema sura ya tatu imekukwama kwa sababu hujawahi kuvaa gwanda wala kukanyaga ndani ya nyambizi, na unahofia msomaji aliyepitia jeshini atakucheka. Sababu hiyo siipokei. Shahidi wangu ni Tom Clancy.

Mtu huyo alikuwa wakala wa bima huko Maryland, Marekani. Jeshi alilipenda, macho mabovu yakamfungia mlango. Akasomea fasihi, akauza bima, na katika nafasi aliyoipata akaandika *The Hunt for Red October*, kisa cha nahodha wa Kisovieti anayetoroka na nyambizi yake kwenda kwa Wamarekani. Ilitoka mwaka 1984 kwa Naval Institute Press ya Annapolis, wachapishaji wa vitabu vya jeshi la majini ambao hawakuwahi kutoa riwaya mpya kabla ya hiyo. Walimlipa dola 5,000. Kisha Rais Reagan akaisoma na kuisifu hadharani, na kitabu kikapaa.

Wakubwa wa jeshi wakaulizana ni nani aliyemvujishia siri. Hakuwepo! Alisoma vitabu na majarida ambayo mtu yeyote angeweza kuyapata, akawasikiliza watu waliowahi kutumikia baharini, akaunganisha mwenyewe. Alipoandika *Red Storm Rising* pamoja na Larry Bond, walijaribu baadhi ya mapigano kwa mchezo wa vita uitwao Harpoon, alioubuni Bond, waone nani angezama. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka uifanye kabla ya kulalamika.

Lakini ngoja nikuonyeshe upande ambao mimi sikubaliani naye sana. Kisa chake kilichochewa na tukio la kweli. Novemba 1975, Valery Sablin, afisa wa siasa (yule anayewafundisha mabaharia itikadi ya chama) kwenye manowari ya Kisovieti Storozhevoy, alimfungia nahodha wake na kuondoka nayo bandari ya Riga. Ng'ambo walidhani anakimbilia Sweden. Kumbe alitaka kufika Leningrad awahutubie wananchi, kwa kuwa aliamini viongozi wake wameusaliti ukomunisti. Alikamatwa, na mwaka 1976 akauawa kwa kupigwa risasi. Mtu anayeasi kwa sababu bado anaamini! Kwangu mimi huyo ana utata kuliko nahodha yeyote wa Clancy. Clancy akikueleza kombora, unalisikia likiruka. Akikueleza moyo wa mtu, ana haraka ya kurudi kwenye kombora. Baadaye jina lake likapamba hata michezo ya kompyuta na vitabu alivyoandika na wenzake. Hivyo viache kwanza.

Sasa nahodha wako. Katika sura ya pili anatoa amri ukurasa mzima, nami bado sijui anaogopa nini, wala ana ugomvi gani na msaidizi wake. Nadhani hapo ndipo ulipokwama. Nyambizi umeisingizia tu.

Halafu, umeandika kwamba walipokaribia adui walipiga king'ora wakiwa bado wamezama. Mwanangu, kule chini adui anakutafuta kwa masikio. Hata sufuria ikianguka jikoni inaweza kuwaponza wote. Kinyamazishe hicho king'ora kabla hujanitumia sura ya tatu.

Mama yako