Asante mkuu wa spesa

Yule mkuu aliyenisaidia kufunga spesa (kile kibomba kifupi kinachokaa kwenye ekseli kati ya beringi mbili) kwenye magurudumu ya longibodi, ule ubao mrefu wa kuteleza, jina lako sikulipata ila popote ulipo asante sana aisee. Wengine wangeniambia tu legeza nati kidogo maisha yaendelee, wewe ukatoa venia, kile kipimo cha milimita, ukaanza kupima, beringi za kawaida za saizi ya 608 ni 8 mm ndani, 22 nje, upana 7, hiyo sawa, ila nafasi iliyopo kati ya beringi mbili inategemea gurudumu lenyewe lilivyotengenezwa na si kila moja linatoka 10 mm kamili hata kama spesa ni ya 10. Hapo ndo nikaelewa, spesa ikiwa fupi ukikaza nati ringi za ndani zinabanwa zielekeane na beringi inakuwa nzito, ikiwa ndefu gurudumu linacheza pembeni.

Gurudumu moja nafasi yake ilizidi kidogo sana, ukaongeza washa (kipete cha bati) nyembamba kama karatasi, ukarudisha na washa za nje kila upande, ukakaza nati mpaka mwisho kabisa na gurudumu bado linazunguka kimyaaa! Jamani.

Tena hukuwa na haraka, yaliyobaki uliniachia nifunge mwenyewe wewe unaangalia tu, beringi ikikaa upande unasema "isukume na ekseli, usigonge". Sasa hivi nikishuka mteremko ubao umetulia, ule mtikisiko wa pembeni haupo kabisa. Mungu akuzidishie mkuu, ukiona hii nitafute, nina deni lako.