Kabla hujalipia ile Leaf

Mpendwa Zuhura,

Habari za Tanga? Shikamoo yangu imfikie mama.

Umeuliza kama Nissan Leaf (gari la umeme) iliyotumika Japani itakupunguzia matumizi kuliko Toyota IST ya petroli unayoendesha sasa. Itapunguza, ila si kila Leaf, wala si kwa kila nyumba. Nianze na umeme, maana hesabu yake ni nyepesi.

Leaf hutumia takriban kilowati-saa 15 kwa kilomita 100, na kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Umeme mwingine hupotea kama joto wakati wa kuchaji, kwa hiyo weka uniti 17. Kwa bei ya T1, ile ya kawaida ya majumbani, yaani shilingi 292 ambazo kodi na tozo huzifikisha 356, kilomita 100 ni kama 6,050. IST ikinywa lita 7, na petroli tukiikadiria 3,000 kwa lita, mwendo huohuo ni 21,000. Ukitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, unabakiwa na karibu 150,000.

Lakini angalia mita yako. Kama nyumba iko D1, ule mpango wa uniti 75 za bei nafuu kwa mwezi, gari peke yake litataka uniti 170 na utahamishiwa T1. Uniti 70 za friji, taa na pasi unazozipata sasa kwa 8,540 zitafika karibu 24,900. Toa tofauti hiyo kwenye akiba, bado inalipa. Mkiwa mnachangia LUKU na wapangaji wengine, funga mita ndogo ya gari peke yake kabla ugomvi haujaanza. Na jenereta usiifikirie kabisa: lita moja ya petroli hutoa kama uniti 2, kwa hiyo kilomita 100 zitakula lita 8 na nusu, zaidi ya IST yenyewe.

Fedha nyingi imekaa kwenye betri, na hapo ndipo watu wanapoumizwa. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza, na joto la pwani huichosha haraka. Usinunue kwa kuangalia mwaka wa gari au kilomita zake. Dashibodi ina vipande 12 vinavyoonyesha uwezo uliobaki wa betri: cha kwanza huzimika uwezo ukishuka chini ya asilimia 85 hivi, na kila kinachofuata ni kama asilimia 6 zaidi. Vikibaki 9, uko karibu na asilimia 70. Leaf ya kilowati-saa 24 ikiwa na 70, kiyoyozi kikiwaka, ipangie kilomita 80 tu. Ya 40 yenye 85 inakaribia 200, na ningekushauri hiyo hata kama bei yake inakuuma.

Vipande hivyo vyenyewe si ushahidi kamili, kwani wapo wauzaji wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vyote 12 viwake tena. Dai vipimo vya LeafSpy, programu ya simu inayosoma betri ya Leaf, vilivyosomwa betri ikiwa imeshuka hadi asilimia 20 au 30. Soma SOH, yaani afya ya betri kwa asilimia, kisha tofauti ya volti kati ya seli yenye nguvu na iliyo dhaifu. Milivolti 20 au 30 si tatizo. Ikipita 100, kuna seli inayokufa. Fundi anayejua kazi anaweza kubadilisha moduli moja (fungu la seli) badala ya betri nzima, lakini gharama hiyo ikatwe kwenye bei ya gari sasa hivi.

Nyumbani usichajie kwenye soketi ya kawaida ya sebuleni. Saa nane za mkondo mfululizo huyeyusha soketi hafifu. Fundi umeme avute laini ya peke yake kutoka kwenye mein swichi, yenye breka yake na ethi ya kweli, maana kebo ya kuchajia isipoona ethi hukataa kazi. Waya uwe wa milimita 6 za mraba kama unafikiria chaja ya ampea 32 baadaye. Kebo ya Japani iliyoandikwa 100V pekee usiichomeke hapa. Ukichaji kwa ampea 10, saa nane zinakupa uniti 18, zinazotosha mizunguko ya siku. Ishia asilimia 80 siku za kawaida, na gari lililotoka juani lipoe kwanza.

Matengenezo ni machache: hakuna oili ya injini wala plagi. Oili ya breki badilisha kila miaka miwili. Pedi za breki hukaa sana kwa sababu mota husaidia kupunguza mwendo, lakini hewa ya chumvi hushikisha kalipa (vishikio vya pedi) zisizotumika, hivyo kanyaga breki kwa nguvu mara mojamoja barabara ikiwa tupu. Na ile betri ndogo ya volti 12 ikichoka, taa za ajabu huwaka na gari hukataa kuwaka kabisa hata betri kubwa ikiwa imejaa. Mafundi wengi hukimbilia kulaumu betri kubwa. Waambie waanze na hiyo ndogo.

Nitumie picha ya skrini ya LeafSpy pamoja na makadirio ya ushuru kutoka kikokotoo cha TRA kabla hujatuma amana. Muuzaji akikataa kutoa vipimo, tafuta gari lingine.

Wako,
Hamisi