Barua ya wazi kwa mdogo wangu mwenye mtoto njiti

Mdogo wangu,

Uliniuliza kwa nini kaakaa la mwanao lina mfereji katikati, na kwa nini jino lake la mbele limetoka na doa la kahawia. Nakujibu hapa ili na kina mama wengine wenye njiti wasome.

Alizaliwa wiki ya 29, mapafu hayajakomaa, ndiyo maana akapitishiwa mpira mdomoni hadi kwenye njia ya hewa. Kaakaa la njiti ni laini mno. Ulimi ndio hulikandamiza na kulitanua, sasa mpira ukikaa siku nyingi unauzuia ulimi, na bonde linabaki. Mara nyingi hupungua taya likikua.

Jino nalo lina historia yake. Gamba gumu la meno ya utoto huanza kujengeka tumboni, mnamo mwezi wa nne, na kalsiamu na fosforasi nyingi mtoto huchota kwa mama miezi mitatu ya mwisho. Hiyo wako aliikosa karibu yote. Tena kile chuma anachotumia daktari kufungulia njia ya mpira hushikwa kwa mkono wa kushoto na huweza kukandamiza ufizi wa juu, hasa upande wa kushoto wa mtoto. Jino lenye doa ni la upande huohuo. Kwa hiyo usijilaumu kwa ulichokula au ulichobeba, na wala usiulaani mpira: bila huo asingepumua.

Meno mengine yakichelewa, toa wiki 11 alizowahi kuzaliwa kwenye umri wake kabla ya kuingiwa na hofu. Na hapa naomba unisikilize, mdogo wangu. Mama mkwe akiona vyeupe kwenye ufizi akasema ni "meno ya plastiki", yaani meno mabaya ya kung'olewa, mkatalie kwa heshima, lakini mkatalie. Vile vyeupe kwenye ufizi ni chonge changa. Watoto wanachokonolewa kwa spoku ya baiskeli, wanavuja damu, wanapata maambukizi, wengine wanakufa. Njiti hana damu ya kupoteza.

Mswaki asubuhi na usiku, dawa yenye floridi kiasi cha punje ya mchele, na asilale na chupa ya maziwa mdomoni, maana gamba hafifu hutoboka upesi. Mpeleke kwa daktari wa meno mwezi huu. Beba kadi ya kliniki na karatasi ya kuruhusiwa hospitali, umwambie mapema kwamba aliwekewa mpira.

Dada yako